Baiskeli Inayoshukika: Kutoka Ngara hadi Nyabusozi

Niliondoka Kasulo kwa ajili ya mwanangu, ingawa kijiji kizima kiliamini kwamba naondoka kwa ajili ya baiskeli. Sikuwakatalia. Baiskeli ni jambo ambalo kila mtu anaweza kulitolea ushauri, na katika miaka ile ya wakimbizi ushauri ndio ulikuwa bidhaa pekee isiyopanda bei. Niliupokea wote bila kuchagua.

Mwanangu anaitwa Stela. Baba yake, Deo, alipofariki, ndugu zake walikuja kutoka Nyabusozi, wilaya ya Biharamulo, wakalia vizuri, wakala vizuri, kisha wakaondoka na redio, godoro na mtoto, kwa mpangilio huo. Mimi nilibaki na migomba na nyumba iliyonyamaza. Baadaye baba mkwe wangu, mzee Anselmi, akanitumia maneno kwa dereva mmoja wa lori: mtoto atarudi kwangu siku nitakapokuwa na kazi ya mshahara, na chombo cha kumleta kusalimia kila Krismasi, kila Pasaka na kila mavuno. "Asije akasema nimemnyima," dereva aliniambia, akiiga sauti ya mzee. "Akipata kazi na chombo, aje."

Kazi zilikuwapo. Wakati ule kila kilima chetu kilikuwa na turubai la bluu, kila turubai lilikuwa na shirika, na kila shirika lilikuwa na tangazo limebandikwa mtini. Nilikuwa nakaanga maandazi katika soko lililoota kando ya kambi, na moja ya matangazo hayo lilikuwa juu ya kichwa changu kabisa. Lilitafuta wahamasishaji wa vyoo kwa vijiji vya wenyeji. Mimi nilizaliwa nyumbani penye choo, na bibi yangu vilevile, lakini wageni walikuwa wamegundua kwamba hatujui, na mshahara ulikuwa mzuri. Sharti lilikuwa moja: mwombaji awe na baiskeli inayofaa mjini na porini. Nililisoma tangazo lile mpaka maandazi yakaungua.

Jumatatu asubuhi nikapanda lori lililokuwa likirudi Ngara baada ya kushusha mahindi ya msaada. Majirani walinisindikiza hadi barabarani wakinipa mawaidha ya mwisho kuhusu minyororo na matairi. Jirani yangu mmoja, ambaye hajawahi kumiliki hata pampu, alining'ang'ania mkono akaniambia nisikubali baiskeli yenye rangi nyekundu. Sikumwuliza sababu kwa kuwa lori lilikuwa limeanza kuondoka.

Ngara mjini tulifika jua likiwa limekwisha kupata nguvu. Kwa wasiopajua, Ngara ni mji uliojengwa juu ya kilima ili ofisi ziweze kuona vizuri watu wanavyopata taabu kuzifikia. Una soko, stendi ya mabasi, msikiti, kanisa, na maduka kadhaa ya watu ambao babu zao walikuja kutoka pwani wakifuata biashara, wakakuta baridi na wakabaki. Duka la baiskeli lilikuwa la mmoja wao, Bwana Shaabani, mtu mnene mwenye kofia nyeupe na Kiswahili kinachotiririka kama mafuta.

"Karibu, mwanangu. Wataka baiskeli ya namna gani?"

"Shikamoo. Nataka inayofaa mjini na porini."

"Marahaba. Mjini, mji upi?"

"Huu hapa."

Akatazama nje, akayaona mawe, mbuzi, na bendera ya ofisi ya wilaya. "Basi wataka ya porini na porini," akasema.

Akanionyesha alizokuwa nazo. Kwanza ile nyeusi ya Kichina, chuma kitupu, yenye keria ya kubebea gunia, stendi ya miguu miwili, madigadi, kengele na dinamo ya taa. Alisema hiyo ukigongana na ng'ombe, pole unampa ng'ombe. Kisha akanionyesha ya kike, ile ambayo mtaimba wake, bomba la juu la fremu, umepindwa chini ili sketi ipite. Wateja wakaacha walichokuja kununua. Mmoja aliyeshika kibuyu cha mafuta ya taa alisema mtaimba uliopindwa hukatika ukibeba mkungu wa ndizi. Mwingine alisema mtaimba ulionyooka haumfai mwanamke kwa sababu za kanisa. Wa tatu alitoa hotuba ndefu kuliko wote, na mwisho wake tukafahamu kwamba anazungumzia pikipiki.

Hapo ndipo alipoingia Bwana Choo kununua betri. Jina lake la kweli lilikuwa refu na gumu kutamka, lakini kwa kuwa ndiye mkuu wa vyoo wa shirika lenye tangazo langu, wilaya nzima ilimwita hivyo, naye aliitikia kwa furaha akidhani ni cheo. Alikuwa kijana mrefu, mwekundu wa jua, mwenye moyo mwema usiojua kupumzika. Aliposikia maneno "mjini na porini" macho yake yakang'aa. Sharti lile alikuwa amelitunga yeye.

"Hapana, hapana, hapana," akaziambia baiskeli za Bwana Shaabani. "Mama, njoo."

Nje, imeegemezwa ukutani, ilikuwapo baiskeli yake ya kupandia milima, rangi ya zambarau, yenye gia nyingi kuliko gari la mkuu wa wilaya. Akaanza kunifundisha. Tairi laini ni la mjini, tairi lenye meno ni la porini. Anayekwenda kote achukue lenye meno mafupi, alijaze upepo akiwa mjini na kuupunguza akifika kwenye tope. Springi za mbele ni nzuri kwenye mawe, lakini ukipanda mlima zinakula nguvu zako. Gia ndogo ni za kupanda, kubwa ni za tambarare. Na fremu lazima ilingane na mtu: ukisimama juu yake kwa miguu miwili, kati yako na mtaimba pabaki nafasi ya vidole. Hilo akataka nilijaribu palepale mbele ya duka, nami nimevaa sketi. Wateja wote wakatoka kushuhudia elimu.

"Mama," akasema alipomaliza, na akainua kidole kama padri, "baiskeli nzuri ni ile wewe hapana shuka. Mlima, hapana shuka. Mawe, hapana shuka. Tope, hapana shuka. Unaelewa?"

Nikasema naelewa. Alikuwa karibu kurudi kwao na alitaka kuiuza, na alikuwa mtu wa haki, hakutaka ninunue bila kujaribu. Nilipomwambia kwamba nina safari ya Nyabusozi, akapiga makofi. Safari hiyo itanipa mji na pori kwa mara moja. Niende nayo, nirudi nayo, na siku ya kurudi nipite moja kwa moja kwenye usaili nimweleze. Bwana Shaabani alinitazama nikiondoka nayo, akatikisa kichwa, akarudi kwa mtu wa mafuta ya taa.

Alasiri ileile niliijaribu kwenye mlima wa mjini. Nasema kweli, kwa mwendo kidogo nilikuwa mtu mwenye furaha. Deo alinifundisha baiskeli kwenye uwanja wa shule ya Kasulo, akinishikia keria na kukimbia nyuma yangu, lakini mlima sikuwahi kuupanda nimekaa. Nilibonyeza kidude, mnyororo ukaruka, na miguu ikawa miepesi kama nakanyaga hewa. Nikapanda. Nikawaza kwamba labda wageni wanajua kitu.

Kisha mbele yangu akatokea mama mtu mzima na jembe begani.

Kwetu mtu hamsalimii mkubwa akiwa juu ya baiskeli. Unashuka. Ukiwa mwanamke, unashuka na kupiga goti kidogo, na mkono unautoa huku mwingine umeushikilia kwenye kiwiko, kuonyesha kwamba umekuja na mikono yote miwili. Basi nikashuka, yaani nikanyanyua mguu juu ya mtaimba, sketi ikanasa kwenye tandiko, nikatua kwa goti moja kabla ya wakati. Baiskeli haikuwa na stendi. Nilipotoa mikono yote miwili kusalimia, ikamwangukia yule mama mguuni. Nikaomba radhi, nikaiokota, nikapanda, nikakuta gia zimebadilika zenyewe, na kabla sijazirekebisha akatokea mzee mwenye fimbo. Nyuma yake walikuwapo wengine. Ilikuwa saa ya watu wazima kurudi kutoka ofisini, ambako walikuwa wameambiwa warudi kesho.

Mlima wa Ngara si mahali pa kupandia baiskeli. Ni mahali pa kuisukuma na kupeana habari. Nilipofika juu nikiwa natokwa jasho, vijana wa mikungu ya ndizi waliokuwa nyuma yangu na baiskeli zao nyeusi walikuwa wamekwisha fika na kupumzika. Wao hawakupoteza muda wa kushuka. Walikuwa chini, wakisukuma, tangu mwanzo.

Kesho yake nikaipakia baiskeli juu ya lori la kwenda Biharamulo. Miaka ile mtu hakukatiza pori lililo njiani kwa baiskeli, iwe ya gia au isiwe, kwa sababu ya majambazi. Magari yalijipanga, polisi wakapanda la mbele, na sisi abiria tukasali kila mtu kwa dhehebu lake. Baiskeli ya zambarau ilifungwa juu ya magunia ikawa inapepesuka kama bibi harusi. Kila tulipopita watu, walinyoosha vidole, na dereva akafikiri wanamsifu yeye.

Kituo cha Lusahunga nikashuka, nikauliza njia ya Nyabusozi, nikaanza kukanyaga. Hapa lazima niitendee haki. Kwenye njia zile nyembamba za kukatiza mihogo, penye mchanga ilipita, penye mizizi ilipita, na kwenye kijito ambacho watu walikuwa wamevua viatu, nilikivuka nimekaa kama malkia. Nilipunguza upepo kama nilivyoelekezwa na tairi likashika tope. Niliimba. Ikanyesha mvua, na hapo nikafahamu kazi ya madigadi, kwa sababu baiskeli ile haikuwa nayo. Tope lilinirukia mgongoni kwa mstari mmoja ulionyooka kutoka kiunoni hadi kwenye kilemba, na jingine likanijia usoni. Nilikuwa nakwenda kwa wakwe.

Mtu mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi alinisimamisha, akaizunguka baiskeli kwa huruma.

"Mama, hiyo baiskeri wamekuibia keria?"

"Hapana. Ilizaliwa hivyo."

"Na stendi?"

"Vilevile."

"Pore sana," akasema, na akaondoka akigeuka-geuka.

Jioni, jua likielekea kushuka, niliiona nyumba ya mzee Anselmi juu ya mwinuko, na mbele yake shamba la maharage linaloteremka hadi bondeni kwenye magimbi. Nikashuka kabla ya kukuta mtu yeyote wa kumshukia. Nikaisukuma hadi uani, nikaiegemeza kwenye mti wa kahawa, nikajifuta uso kwa upindo wa kitenge. Mtoto wa kike alikuwa anachambua mchele mlangoni. Alikuwa amerefuka. Akaja mbio, nikafungua mikono, naye akasimama mbele yangu, akapiga goti kwa adabu kamili.

"Shikamoo, mama wa Kasulo."

Alinisalimia kama vile ana mama wengi katika vituo mbalimbali, na mimi ni yule wa kituo cha Kasulo. Nikaitikia. Iliniuma mpaka leo inaniuma. Alinitazama tope la usoni, akarudi kwenye ungo wake.

Mzee Anselmi alitoka ndani na kukaa kwenye kiti chake. Ni mtu mwembamba, mkali, anayependa mambo yafuate mstari. Nikapiga goti mbele yake, macho chini.

"Shikamoo, baba."

Sasa nieleze jambo moja. Mkwe wa kike katika nyumba ile hainuki mpaka aambiwe marahaba, na mzee Anselmi ana desturi ya kuiweka marahaba mwisho kabisa, baada ya habari zote. Akaanza.

"Kasulo hawajambo?"

"Hawajambo, baba."

"Wakimbizi hawajambo?"

"Wapo, baba."

"Mvua?"

Nilipokuwa namweleza mvua nikasikia kitu kinakwaruza. Nikainua jicho moja. Baiskeli ya zambarau ilikuwa imegeuza gurudumu la mbele na kuteleza kutoka kwenye shina la mti wa kahawa. Haikuanguka. Ilisimama wima yenyewe, kama mtu aliyekumbuka kwamba ana mahali pa kwenda, na ikaanza kutembea polepole kuelekea kwenye maharage.

"Ndizi zimezaa?" mzee akauliza.

"Zimezaa, baba."

Kila mtu pale uani aliiona. Mama mkwe aliiona akiwa jikoni na mwiko mkononi. Stela aliiona, akasimama. Mzee mwenyewe aliiona, kwa maana ilipita mbele ya macho yake, lakini alikuwa katikati ya salamu. Mimi nilikuwa na uwezo wa kuruka na kuikamata kwa mkono mmoja. Pale mbele yangu ilikuwa inaondoka kazi yangu, na kazi ndiyo ingemrudisha mtoto. Lakini aliyekuwa na mtoto ni mzee, na mzee alikuwa bado hajaniitikia. Nikabaki na goti chini. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile.

"Na kanisani mnakwenda?"

"Tunakwenda, baba."

Baiskeli ilishika kasi kwenye maharage. Mbuzi wakatawanyika. Springi za mbele zilifanya kazi yake barabara, maana iliruka kila tuta bila kuyumba, na kwa kweli sijawahi kuona baiskeli inayoteremka vizuri namna ile. Ikafika ukingoni. Kukawa na kimya, kisha mshindo, kisha vyura wakanyamaza.

"Marahaba, binti yangu," akasema mzee Anselmi. Halafu, baada ya kutulia: "Kuna kitu kimeanguka?"

"Ni baiskeli, baba."

"Yako?"

"Ya mwajiri."

"Uriiona ikienda?"

"Niliiona."

Alitazama bondeni. "Deo angeinuka," akasema. "Yule mtoto hakuwahi kumariza saramu hata siku moja." Nikaona midomo yake inacheza, sikujua kama anacheka au analia, na nadhani na yeye hakujua. Mimi nililia waziwazi.

Tuliitoa kwenye magimbi kabla giza halijaingia. Gurudumu la mbele lilikuwa limekunjika kama andazi lililogeuzwa vibaya kwenye mafuta, na gia zimejaa udongo.

Asubuhi mzee alituita wote uani. Aliuliza kama nina kazi. Nikasema nilikuwa karibu kuipata, lakini sasa sidhani. Aliuliza kama nina chombo. Nikatazama ile ya zambarau iliyolala ukutani. Nilikwisha kujiandaa kuagana na Stela. Mzee akaingia ndani, tukasikia kitu kinafunuliwa gunia, akatoka na baiskeli yake mwenyewe.

Ilikuwa nyeusi, ya Kichina, na karatasi ya nailoni ya dukani bado ilikuwa imezungushiwa fremu. Wote tuliijua. Aliiosha kila Jumamosi, na kila Jumapili aliisindikiza kanisani akiisukuma. Sidhani kama aliwahi kuipanda. Mama mkwe alishika kichwa.

"Mtoto unaweza kumwiba," mzee akaniambia. "Watoto wanafanana. Rakini hii baiskeri inajurikana mpaka Rusahunga. Ukichelewa kuirudisha Krismasi, nitaambiwa iko wapi. Basi mtoto atakuja juu yake."

Hivyo ndivyo nilivyompata mwanangu, kama mzigo wa baiskeli. Mzee alikunja kanga mara nyingi akaifunga juu ya keria ili Stela asiumie, akaifungua, akaifunga tena. Alimfokea mama mkwe kwamba kanga ni fupi.

Alitusindikiza hadi barabara kuu, akiisukuma nyeusi na Stela juu ya keria. Ile ya zambarau niliibeba mimi kichwani. Bwana Choo hakuwa amenieleza kuhusu matumizi hayo. Kila tulipokutana na mtu wa kusalimiwa, mzee alikanyaga stendi, tak, baiskeli ikasimama peke yake kama askari, Stela akaruka chini, akapiga goti, habari zikaulizwa zote hadi mwisho, stendi ikarudi juu, tak, tukaendelea. Hakuna kilichoanguka. Lusahunga aliagiza baiskeli yake ifungwe nyuma ya lori kwa kamba mbili. Alishika keria mpaka lori lilipoanza kutembea, akawa anatembea nayo, halafu akaiachia.

Ngara, siku ya usaili, niliingia kwenye hema na gurudumu lililokunjika mkononi. Bwana Choo alikaa katikati. Kushoto kwake mgeni mwingine, kulia kwake karani wa shirika, mzee wa palepale Ngara. Bwana Choo alilitazama gurudumu kwa uchungu mkubwa.

"Mama. Baiskeli inaondoka, wewe unafanya nini?"

"Nilikuwa nimepiga goti."

"Kwa nini hapana simama?"

"Nilikuwa sijaitikiwa."

Akamgeukia karani amtafsirie. Karani alijaribu mara kadhaa, kisha akakata tamaa, akasema tu kwamba hata yeye asingesimama. Bwana Choo akaandika jambo, akalifuta. Ndipo akauliza swali lenyewe: baiskeli niliyokuja nayo sasa, ile nyeusi huko nje, isiyo na gia hata moja, inafaaje mjini na porini?

"Inashukika," nikasema.

Neno hilo alikuwa hajafundishwa. Tukatoka nje. Nikapanda, nikaenda hadi kwenye uzio, nikarudi kuelekea kwa karani, nikashuka, nikakanyaga stendi, nikapiga goti, nikamsalimia kwa mikono miwili, naye akaniitikia vizuri sana, nikapanda tena. Nikamwambia Bwana Choo kwamba mtu huwezi kumweleza habari za choo chake ukiwa umekaa juu ya baiskeli. Alisimama akiwaza. Alikuwa mtu wa haki, kama nilivyosema. Kazi nikapewa, na gurudumu likaandikwa kuwa limeharibika katika utafiti. Baada ya hapo shirika liliandaa semina ya kushuka kwenye baiskeli, yenye soda na chakula cha mchana, na watu walihudhuria kwa wingi ingawa walikuwa wakishuka tangu wazaliwe.

Alasiri hiyo tulianza kuteremka kutoka mjini kurudi nyumbani, Stela nyuma yangu. Alikaa kama abiria wa kulipa. Mikono yake ilishika springi za tandiko, mgongo umenyooka, na kila nilichomwuliza alijibu, "Ndiyo, mama wa Kasulo." Nilikuwa nimempata mtoto na sikumpata. Niliwaza kwamba sina haki ya kulalamika, nikalalamika kimoyomoyo hata hivyo.

Kwenye kona ya kwanza ya mteremko nikavuta breki. Baiskeli iliyooshwa kila Jumamosi na kusukumwa kila Jumapili haijawahi kuhitaji breki, na raba zake zilikuwa zimekauka kuwa mawe. Hatukupunguza mwendo wowote. Nilipiga kengele, nikaburuza kiatu, nikapiga kelele watu watupishe, na katikati ya kelele hizo nikasikia mikono miwili imeachia springi na kunizunguka tumboni, na paji la uso limegandamizwa mgongoni kwangu. Tulifika chini salama, kwa rehema ya Mungu na kichaka. Nikakanyaga tena polepole kwenye tambarare. Hatari ilikuwa imekwisha. Mikono haikuondoka.

Watu huniuliza siku hizi wachague baiskeli gani kwa mjini na porini, nami nawaeleza habari za matairi na keria na stendi kama nilivyofunzwa na Bwana Choo na njia. Breki siwaelezi.

Krismasi tulikwenda Nyabusozi kama tulivyoagana. Mzee Anselmi alitupokea hata hatujashuka kusalimia, akaikagua baiskeli kwanza, kisha mtoto. Baiskeli aliikuta na kosa moja.

"Raba za breki zimekwisha kabisa," akasema. "Kwa nini hubadirishi?"

Stela alikuwa bado yuko kwenye keria, hajashuka, mikono kiunoni kwangu.

"Nitabadilisha, baba," nikamwambia.

Mwaka ule sikubadilisha.